Ukombozi wa Kuku Gunhild

Mheshimiwa Meya wa Mji wa Halvor Slough, ambaye kwa sasa yuko Arizona kwa majukumu yanayohusiana na jua, Mheshimiwa Mke wa Meya, ambaye yuko naye katika majukumu hayohayo, Ndugu Mkuu wa Zimamoto, mwenye ukumbi huu, aliyeyatoa magari yake mawili nje kwenye theluji ili sisi tupate pa kukaa, Mchungaji wa Kilutheri, Mchungaji wa Kilutheri wa lile kanisa lingine, Ndugu Dereva wa Greda la Theluji, ambaye bila yeye nusu yenu msingefika na nusu nyingine msingekuwa na wa kumlaumu kwa kuchelewa, kinamama wa Kamati ya Kahawa na Chakula cha Bakuli, wazee wetu, vijana wetu mlioinamia simu, mabibi na mabwana, na wewe mwenyewe, Kuku Gunhild, popote ulipo: itifaki imezingatiwa, na kama yupo niliyemsahau, ajue nimemsahau kwa heshima zote anazostahili. (Makofi ya watu waliovaa glavu.)

Mimi, Wendell Throndson, Naibu Meya, na pia Mwenyekiti wa Tume ya Muda ya Kudumu ya Ukombozi wa Wahusika wa Kubuni, nimesimama mbele yenu leo, tarehe mosi Januari mwaka elfu mbili ishirini na sita, saa nne kamili asubuhi, kwa furaha ambayo haina mfano, haina kifani, na kwa mujibu wa bajeti haina fungu, kuwatangazia rasmi kwamba usiku wa kuamkia leo, wakati wengine wenu mmelala na wengine mnapiga fataki nyuma ya duka la matrekta, Kuku Gunhild aliondoka katika mikono ya watu binafsi na kuingia katika milki ya umma. Kuku yule ni wenu! (Makofi. Sauti kutoka nyuma: “Tunajua, Wendell! Ndiyo maana tumekuja!”)

Nashukuru kwa mwitikio huo. Hata hivyo, kwa faida ya wadau wachache ambao hawakulelewa hapa, naomba nitoe usuli kwa kirefu kidogo.

Mnamo Oktoba mwaka 1930, binti wa mji huu, Selma Hovland, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, akiwa ameajiriwa katika kampuni moja ya vibonzo vya magazeti huko Chicago kuwajazia wino wachoraji wanaume, alipewa Ijumaa moja nafasi iliyobaki wazi chini ya ukurasa wa Jumapili, akaijaza. Alichora familia imekaa mezani inamsubiri kuku. Mlango ukafunguliwa, kuku akaingia. Lakini hakuja kwenye sahani. Alikuja kwa miguu yake, kofia kichwani, mkoba chini ya bawa, akavuta kiti, akakaa kama mgeni aliyealikwa. Hakusema neno. Nasikia watu walicheka kuanzia Chicago hadi pwani ya magharibi, na tangu siku ile kwa miaka kumi na mmoja kila Jumapili Kuku Gunhild alikuwa anaingia nyumba moja, anakaa, na watu wa nyumba hiyo wanakula viazi vitupu. Jina lililoandikwa chini ya kibonzo halikuwa la Selma. Lilikuwa la bosi wake, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyokuwa siku hizo, na kwa maoni ya bosi wake ndivyo yalivyopaswa kuwa.

Selma alirudi hapa, akaolewa na Bwana Kvamme wa ghala la nafaka, akamzaa binti mmoja, na binti huyo tunaye leo kiti cha mbele: Mwalimu Ardis Kvamme, mwenye umri wa miaka themanini na saba, aliyenifundisha darasa la nne, na ambaye hadi dakika hii ananitazama kana kwamba nimeiacha daftari nyumbani. (Makofi marefu. Mwalimu Ardis: “Wendell, mkono mfukoni wa nini?”) Nautoa, Mwalimu. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, mwaka 1989 Selma alifariki dunia. Familia iliomba jambo dogo tu: kwamba juu ya jina lake, kwenye jiwe la kaburi, achongwe yule kuku. Kwa uungwana wakaiandikia kampuni kuomba ruhusa. Kampuni ikajibu kwa barua ya kurasa tatu, yenye mhuri, ikieleza kwamba kuku ni mali yake, kofia ni mali yake, mkoba ni mali yake, na kwamba yeyote atakayethubutu kupitisha patasi kwenye jiwe atakutana nayo mahakamani, yeye na mchonga mawe wake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, na kamba ya huyu ilikuwa inashikwa Chicago. Basi jiwe likasimikwa hivyohivyo: jina, tarehe, na juu yake mraba mtupu uliolainishwa, haujaandikwa kitu. Miaka thelathini na sita. Mimi nimeupita mraba ule kila Siku ya Kumbukumbu nikiwa na bendera mkononi, na nawaambia ukweli, kama kiongozi, uliniuma. Uliniuma kiasi kwamba mwaka 2013 niliunda Tume. (Makofi machache. Mzee mmoja: “Uliiunda kwenye mkutano wa kampeni!”) Niliiunda katika kipindi cha kampeni, mzee wangu, ila si kwa ajili ya kampeni. Hayo ni mambo mawili yaliyotokea wiki moja.

Sasa naomba kwa unyenyekevu nitaje mafanikio.

Katika miaka kumi na miwili ya uhai wake, Tume imeitisha vikao mia mbili na kumi na viwili, ambapo mia moja tisini na nane viliahirishwa kwa kukosa akidi, na katika vile kumi na vinne vilivyobaki akidi ilipatikana baada ya kunihesabu mimi mara mbili kwa vyeo vyangu vyote viwili. Tumefanya upembuzi yakinifu. Tumefanya semina elekezi ya upembuzi yakinifu. Tumeiandikia kampuni barua arobaini na moja, zenye lugha kali lakini yenye staha, na nafurahi kuwajulisha kwamba barua kumi na tisa za mwisho zimerudishwa na posta zikiwa hazijafunguliwa, jambo ambalo wataalamu wetu wamelitafsiri kama dalili ya adui kutishika. (Sauti ya mwanamke: “Au kampuni ilishafungwa!”) Uwezekano huo pia umo kwenye taarifa, Bi LaVonne, ukurasa wa themanini, kwa herufi ndogo.

Lakini juu ya yote hayo, mkakati mkuu wa Tume, mkakati ambao mimi mwenyewe niliubuni na kuusimamia mchana na usiku, ulikuwa kusubiri. Sheria ya nchi yetu inasema kazi iliyochapishwa mwaka 1930 inalindwa miaka tisini na mitano, ikitimia tu, kazi hiyo ni ya kila mtu. Wengine wangekata tamaa. Wengine wangeshika njia za mkato. Sisi tukasubiri, na tumesubiri kwa weledi. Mwaka 2013 ilikuwa imebaki miaka kumi na miwili. Chini ya uongozi wangu, mwaka uliofuata ikabaki kumi na mmoja. Na mwaka uliofuata, kumi. Nawaomba mnionyeshe tume nyingine yoyote katika jimbo zima la Minnesota iliyopunguza tatizo lake kwa kasi isiyoyumba namna hiyo! (Kofi moja, la mpwa wake Mwenyekiti, ambaye pia ni Katibu wa Tume.) Ahsante, Katibu. Mvumilivu hula mbivu.

Nije kwenye utekelezaji, kwa maana uhuru bila mwongozo ni vurugu.

Ndugu zangu, uhuru wa Kuku Gunhild si wa jumla jumla. Nimezungumza kwa simu na wakili, na wakili kanieleza kwa muda wa dakika tisa jambo lililonichukua miezi miwili kulielewa. Aliye huru leo ni kuku wa mwaka 1930. Kuku wa 1930 ana kofia, ana mkoba, hana viatu, na hasemi. Viatu vile vyekundu vya theluji ambavyo nyote mnavijua alivaa mara ya kwanza mwaka 1934, kwa hiyo viatu bado viko kifungoni hadi mwaka 2030. Kusema alianza mwaka 1936, kwa hiyo maneno yake yako kifungoni hadi 2032. Kwa mantiki hiyo, Tume imeandaa Kanuni za Matumizi Sahihi ya Kuku, na kuanzia leo raia yeyote anaruhusiwa kumchora, kumshona, kumsuka, kumwigiza na kumwoka kuku, mradi awe pekupeku na awe kimya.

Ndipo ninapolazimika, kwa masikitiko, kuugeukia ule meza wa viburudisho, samahani, meza ile ya viburudisho, ambapo Bi LaVonne Bjugstad, mwoka mikate wetu tunayempenda, ameleta biskuti mia tatu za Kuku Gunhild, na biskuti zote mia tatu, nimeziona kwa macho yangu nilipoingia, zina viatu vyekundu. (Minong'ono.)

(Bi LaVonne: “Sasa Wendell, kuku wa watu nimwache pekupeku na baridi hii?”)

Bi LaVonne, sheria haijali baridi.

(Bi LaVonne: “Kila mtu hapa kamjua na viatu! Bila viatu ni kuku tu wa kawaida kavaa kofia!”)

Na huyo kuku wa kawaida aliyevaa kofia ndiye aliyekombolewa. Natoa agizo, kwa mamlaka niliyonayo, kwamba hakuna biskuti itakayogawiwa kabla haijakatwa miguu. (Kelele.) Kisu kipo. Katibu atasimamia. Watoto waliokwisha kupewa, naomba wazazi mhakikishe wanaanza kwa kung'ata viatu, ili ushahidi upungue. (Kelele zinazidi. Mtoto mmoja analia. Bi LaVonne anachukua kisu, anaanza kukata, haangalii mtu.)

Natambua machungu yenu. Uongozi ni kufanya maamuzi magumu karibu na biskuti.

(Mwalimu Ardis ananyosha mkono.)

Mwalimu, kipindi cha maswali kiko ukurasa wa mwisho... Naam, Mwalimu. Karibu.

(Mwalimu Ardis: “Wendell, mimi nina swali moja tu. Jiwe la mama liko karakana kwa Dwayne tangu Oktoba, kabla ardhi haijaganda. Dwayne yuko hapa. Je, anaweza kuchonga, au hawezi?”)

Swali zuri sana. (Bwana Dwayne Pechacek, mchonga mawe, kutoka ukutani, kofia mkononi: “Nimeshamchora kwa chaki, Mwalimu. Bado kupiga tu. Pekupeku, kama walivyosema.”) Swali zuri mno, na nashukuru kwa kuwa limekuja kabla halijachelewa. Jibu ni ndiyo, kimsingi. Utaratibu ni mwepesi. Mwombaji atajaza Fomu Namba Saba, nakala nne, akiambatanisha mchoro wa kuku ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na mgongoni. Fomu itapita Kamati Ndogo ya Maadili ya Manyoya. Kutoka hapo itakwenda kwa Tume, ambayo kikao chake kijacho, akidi ikiruhusu, ni mwezi wa Mei.

(Mwalimu Ardis: “Mei mbali.”)

Mei ni karibu sana kwa viwango vya serikali, Mwalimu.

(Mwalimu Ardis: “Mwanangu, nisikilize. Sina ugomvi na fomu. Nimesahihisha fomu maisha yangu yote. Lakini daktari wa macho kaniambia, hili la kushoto limekwisha, na hili lililobaki labda Pasaka, labda lisifike. Mimi sitaki kuambiwa kachongwa. Nataka kumwona. Mama alinichorea yule kuku kwenye kila mfuko wa chakula cha shule, kila siku, miaka sita, na kila siku akasema, usimwonyeshe mtu, si wetu.”)

(Kisu cha Bi LaVonne kimesimama.)

Mwalimu, nimeguswa. Naomba Katibu aandike kwamba nimeguswa. Na nasema mbele ya umma huu kwamba suala lako nitalipa kipaumbele, maana yake litakuwa ajenda ya kwanza mwezi huohuo wa Mei. (Sauti: “Aah, Wendell!” Sauti nyingine: “Mpe mama wa watu ruhusa yake twende tukale!”) Tusiongozwe na hisia, ndugu zangu. Haraka haraka haina baraka. Tumesubiri miaka tisini na mitano. Tukivunja utaratibu siku ya kwanza, historia itatuuliza.

Tena niwape habari ya kuwafariji. Kazi ya Tume haiishii kwenye jiwe moja. Napenda kutangaza mradi mkubwa kuliko yote katika historia ya mji huu, nao ni Kituo cha Kimataifa cha Wahusika Huru, kitakachojengwa kando ya barabara kuu, chenye ukumbi wa makumbusho, maktaba ya utafiti, maegesho ya mabasi arobaini, hifadhi ya muda kwa wahusika wanaotoka kifungoni wakiwa hawana pa kwenda, na mbele yake sanamu ya Kuku Gunhild yenye urefu wa mita kumi na mbili, pekupeku, ikitazama mashariki upande wa Chicago, kwa jicho la kusuta. Hadi ninapozungumza, mchakato wa kuanza mchakato umekamilika kwa asilimia sabini na nne. Ajira zitapatikana elfu moja mia moja arobaini, yaani moja kwa kila mkazi wa mji huu, wakiwemo watoto wachanga. Watalii watakuja kutoka duniani kote, Januari, kwa hiari yao. (Dereva wa greda: “Nani atawakwamua?”) Wewe, ndugu. Nawe utakuwa Mkurugenzi wa Ukwamuaji.

Sasa, kabla sijafika kwenye kaulimbiu zetu, adabu inanitaka nitoe shukrani, na nitazisoma kama zilivyoandaliwa na ofisi yangu, maana sipendi kumruka mtu.

Namshukuru Ndugu Einar Lofthus, kwa kujitolea ekari kumi za shamba lake la mahindi ili kijengwe Kituo. (Ndugu Lofthus: “Nani kajitolea nini?”) Ndugu Lofthus ataelezwa. Namshukuru mfadhili wetu mkuu, ambaye jina lake nimeacha nafasi hapa. Namshukuru mhandisi wa sanamu, nafasi pia. Nawashukuru wajumbe wa Tume: mimi, na Katibu. Na mwisho namshukuru kwa namna ya pekee Bi Marisela Quintanar, mkutubi wa mji wetu, yule pale aliyeshika kikombe, kwa barua ya kuunga mkono jitihada zetu aliyotuandikia tarehe kumi na moja Machi mwaka jana, barua ambayo Katibu ameibana hapa nyuma ya hotuba, na ambayo kwa sababu ya wingi wa majukumu sijapata wasaa wa kuisoma, kwa hiyo kwa heshima yake nitaisoma sasa, kwa sauti, ili nanyi mnufaike.

(Bi Marisela: “Naibu, hujaisoma? Mpaka leo?”)

Ninaisoma, Bi Marisela, ndani ya mwaka mmoja. Nanukuu.

“Mheshimiwa Naibu Meya. Kwa kuwa kila mtu anasema tusubiri Januari, nilitaka kuhakikisha. Wakati kibonzo kile kinachapishwa, sheria ilikuwa nyingine. Hakimiliki ilidumu miaka ishirini na minane, na mwaka wa mwisho mwenye mali alipaswa kuandikisha upya ili aongezewe muda. Asipoandikisha, inakwisha hapohapo.” Safi sana, utafiti wa kina. “Nimepekua daftari za usajili mwaka hadi mwaka, mara tatu, nikamwomba na mkutubi wa jimbo apekue. Kampuni haikuandikisha upya kibonzo cha kwanza. Haikuandikisha hata kimoja, mpaka cha mwisho cha mwaka 1941. Walisahau, au hawakujali. Kwa hiyo Kuku Gunhild amekuwa mali ya umma tangu Oktoba...”

(Mwenyekiti anaacha kusoma. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa.)

“...tangu Oktoba 1958. Viatu vyake na maneno yake navyo vilifuata, na kufikia mwaka 1969 vibonzo vyote vilikuwa huru. Hakuna ruhusa ya kuomba, kwa sababu hakuna wa kuombwa. Hakuna cha kusubiri. Naomba umwambie Mwalimu Ardis mapema, ningependa asikie kutoka kwako kwa kuwa wewe ndiye uliyemwahidi. Wako, Marisela Quintanar.” Mwisho wa kunukuu.

(Hita ya ukumbi inasikika.)

Kama nilivyosema, barua ya kuunga mkono.

(Bi LaVonne, kisu mkononi, mbele yake rundo la viatu vyekundu: “Wendell. Nimeshavikata vyote.”)

Bi LaVonne, zuio la viatu limeondolewa kuanzia sasa, na Tume inakupongeza kwa utii.

Ndugu wananchi, msiipokee taarifa hii vibaya. Itazameni kwa jicho la maendeleo. Tulijiwekea lengo la kumkomboa kuku ifikapo mwaka 2026, na imebainika kwamba lengo limevukwa kwa miaka sitini na saba. Ni tume ngapi duniani zimemaliza kazi miaka hamsini na mitano kabla ya kuundwa? (Hakuna makofi. Mchungaji wa Kilutheri ameinamisha kichwa. Yule wa lile kanisa lingine anamtazama Mwenyekiti moja kwa moja.)

(Mwalimu Ardis: “Wendell.”)

Mwalimu.

(Mwalimu Ardis: “Mama alifariki themanini na tisa.”)

Ndiyo, Mwalimu.

(Mwalimu Ardis: “Fanya hesabu.”)

Themanini na tisa, toa hamsini na nane... thelathini na moja, Mwalimu.

(Mwalimu Ardis: “Miaka thelathini na moja. Kwa hiyo siku tunamzika, kuku alikuwa wetu kama wa mtu mwingine yeyote.”)

Kwa mujibu wa daftari za usajili, ndiyo.

(Mwalimu Ardis: “Na angeweza kumchora. Miaka yote ile. Angemchora kwenye sanduku la posta. Angesema, huyu ni wangu, mimi ndiye niliyemtengeneza. Alikuwa anachora nyuma ya mlango, Wendell. Kisha anachana.”)

Mwalimu, Tume inasikitika...

(Mwalimu Ardis: “Wewe nyamaza kidogo. Sikulaumu wewe peke yako. Mimi mwenyewe ni mwalimu, nimewaambia watoto miaka arobaini, msiamini jambo kwa kuwa tu limepigwa mhuri, kaangalieni. Mimi sikwenda kuangalia. Niliziogopa karatasi tatu. Nimekuwa mtu mzima naogopa karatasi tatu.” Anasimama. Bi Marisela anampa mkono. “Ahsante, mwanangu. Wewe uliangalia. Dwayne, unasemaje?”)

(Bwana Dwayne: “Kompresa ya kuendeshea patasi ina mafuta, Mwalimu. Karakana ni hapo ng'ambo.”)

(Mwalimu Ardis: “Basi twende, maana jua likipanda theluji inanipiga machoni.”)

Mwalimu, naomba ukae kidogo tu, zimebaki kaulimbiu. Ndugu zangu, naomba tusiondoke ovyo. Mkuu wa Zimamoto, funga mlango. (Mkuu wa Zimamoto anaushikilia mlango wazi ili Mwalimu apite. Viti vinakokotwa.) Naona baadhi yenu mnamsindikiza Mwalimu, jambo jema, ustaarabu ni desturi yetu, ila si lazima mwende wote. Wachungaji, angalau mmoja wenu abaki. Bi LaVonne, ile trei ni ya hafla. (Bi LaVonne anatoka na trei.) Ndugu Dereva, Mkurugenzi! (Dereva wa greda anatoka, anawapasulia watu njia kwa mgongo.)

Haidhuru. Uongozi haupimwi kwa idadi ya watu. Naomba mliobaki tuseme kwa pamoja. Kuku huru! (Katibu: “Mjini kwetu!”) Kofia juu! (Katibu: “Mkoba ndani!”) Tume oyee! (Katibu anatazama dirishani.) Nimesema, Tume oyee!

(Katibu: “Mjomba, nami naomba nikaangalie. Alinifundisha na mimi.”)

Nenda. Nenda, lakini acha kitabu cha kumbukumbu hapo.

Basi, kwa niaba ya Tume, ambayo kwa sasa ni mimi, na kwa niaba ya Kituo, ambacho bado ni mahindi ya Ndugu Lofthus chini ya theluji, na kwa niaba ya mfadhili ambaye nafasi yake ingali wazi, natamka kwamba mradi wa kumkomboa Kuku Gunhild umekamilika rasmi, kwa kuwa imethibitika haukuhitaji kuanza. Nawashukuru kwa kunipa miaka kumi na miwili ya kuuongoza. Nawashukuru...

(Kutoka ng'ambo ya barabara, kompresa inawaka, inakohoa, inashika. Kisha mlio wa patasi kwenye jiwe.)

Hiyo ni nini? (Ukumbini hakuna mtu tena. Mwenyekiti anashuka jukwaani, anakwenda dirishani, anafuta ukungu kwa kiganja.) Ameanza. Bila fomu. Bwana Pechacek ameanza, na Mwalimu kasogea mpaka uso unakaribia kugusa jiwe, vumbi lote linamwingia, wala hasogei.

Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kazi imeanza kwa ruhusa yangu. (Mwenyekiti anarudi mezani, anafungua kitabu, anatafuta kalamu. Anaandika neno moja: “Ruhusa.” Analitazama. Analikata.)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.